Mlango wa Kuinama

Jumatano, 5 Machi

Wifi yangu Sindano,

Umefika? Breki ameniambia ulitapika mara moja tu njiani, nikamwambia basi hiyo kwako ni safari njema. Huyu dereva wa zahanati ndiye posta wetu sasa. Kila Alhamisi asubuhi anapeleka dawa huko, jioni anarudi, na kwa kuwa simu haishiki huko bondeni hata upande juu ya bati, tutaandikiana kama watu wa zamani. Usishangae akichelewa. Hatukumwita Breki bure, anamsimamia hata kuku aliye ng'ambo ya barabara.

Mimi hapa kwako nimeshatua. Vijana wawili walinipandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu kama kabati, mmoja akawa anamwambia mwenzake, "Angalia kona, angalia kona!" Sikujua nicheke au nilie. Wifi, maisha yangu yote nimepita kwenye mizizi na utelezi sikuanguka, nikaja kuangushwa na kipande cha sabuni bafuni kwangu. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, lakini zizi langu liko mbali na hospitali, ndiyo maana tukabadilishana nyumba. Binti yako ananitunza vizuri. Anapika chumvi kidogo, ila ana moyo wa baba yake.

Sasa nisikilize. Mimi nimekuja mjini kwa ajili ya nyonga, wewe umekwenda huko kwa ajili ya presha na usingizi. Tangu kaka yangu atutoke hujalala usiku ukafika asubuhi. Daktari alikwambia mbele yangu kwamba moyo wako unakimbia hata ukiwa umekaa, na kwamba vidonge peke yake havitoshi. Kwa hiyo utaingia msituni kila asubuhi. Najua wewe na kaka mlivyokuwa mkinicheka, eti zahanati inaniletea wagonjwa niwatembeze polepole kama watu waliosahau waendako. Chekeni. Jina la Polepole mlinipa nyinyi, na mimi nalivaa.

Ingia mikono mitupu. Usibebe hata leso. Tembea mpaka mwili wako uache kukusukuma, kisha simama. Sikiliza sauti iliyo mbali kuliko zote, halafu urudi nayo taratibu mpaka ufike kwenye iliyo karibu, ambayo ni pumzi yako. Ukikuta unahesabu miti, bado hujafika. Ukikuta umesahau kwa nini ulikuja, umefika. Hakuna zaidi ya hapo.

Koti la kaka bado linaning'inia nyuma ya mlango. Nilikunje?

Na ile kesi yenu ya kukoroma bado iko kwangu, sijatoa hukumu. Yeye alidai unakoroma, wewe ukala viapo kwamba hukoromi, mkanifanya mimi hakimu. Kitanda chako nakilalia sasa, lakini kimegoma kutoa ushahidi.

Wifi yako wa ghorofani,
Polepole


Alhamisi, 13 Machi

Wifi Polepole,

Nimepokea barua yako na nimetii kila neno, usiniletee ubishi. Nimeingia msituni asubuhi zote tangu nifike. Hewa ni safi mno. Ndege wanaimba. Majani ni ya kijani. Nimekaa, nimepumua, nimetulia. Kwa kweli ni dawa, ulisema kweli.

Nyumba yako ni nzuri ila wifi, unaishije? Kijiko kimoja kikubwa, sufuria mbili, na kabati lina magauni manne, matatu yakiwa ya rangi ya udongo. Mtu akikuona msituni si atadhani kisiki kinatembea? Na mlango wa jikoni unalia kila ukifunguliwa, nyeee, nilishtuka siku ya kwanza nikadhani kuna mtu.

Nalala vizuri. Nala vizuri. Presha ameipima muuguzi wa zahanati na kasema tutaona.

Wewe je? Unatembea? Binti yangu akikuletea chakula kitandani mkatalie, mguu unataka kazi. Jirani wa juu akianza kuburuta meza chukua ufagio ugonge dari mara mbili, ananijua. Bomba la jikoni lifunge kwa nguvu, la sivyo litadondosha matone na kukutia wazimu.

Koti usiliguse. Liache hapo hapo.

Kuhusu kukoroma, sikoromi. Marehemu alikuwa akijisikia mwenyewe.

Wifi yako wa bondeni, mtiifu,
Sindano


Jumatano, 19 Machi

Sindano wee,

Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata uani.

"Hewa ni safi, ndege wanaimba, majani ni ya kijani." Wifi, hayo hata mimi nayaona kwenye kalenda ya binti yako iliyobandikwa ukutani. Hukuingia msituni hata siku moja. Unataka kujua nimekukamataje? Ukitoka nyuma ya nyumba, ukavuka kijito, njia inaingia kati ya miamba miwili, na hapo hapo kuna mti mkubwa umeanguka umelala juu ya miamba hiyo kama kizingiti. Pembeni hakupitiki, juu hakupandiki. Kuingia ni lazima upige magoti na viganja, upite chini kama mtoto anayetambaa. Nimepitisha watu wa kila namna pale. Kuna mwalimu mkuu aliyeingia na tai. Kuna mama mmoja mnene alikwama katikati akacheka mpaka tukakaa chini sote. Hakuna hata mmoja ambaye aliwahi kutoka huko bila kulalamika juu ya ule mti. Halafu wewe, wifi yangu mimi, mwanamke unayelalamika ukipewa chai kwenye kikombe kipana, upite chini ya gogo lile asubuhi zote usiniandikie neno? Ebo!

Watu wa zahanati waliwahi kutaka kuukata. Nilikataa. Niliwaambia ule ndio mlango. Mtu akishapiga magoti, akachafua viganja na kuacha mkoba upande wa pili, anaingia amekuwa mtu tu. Daktari na mgonjwa wake wanafanana wakitambaa. Nusu ya kazi yangu inafanywa na ule mti, mimi nabaki na nusu nyingine.

Sijakasirika. Nataka kujua tu, unafanya nini huko kutwa?

Mimi naendelea vizuri. Jana nilishuka mpaka chini nikawaangalia wanaoosha magari, nikarudi. Mguu unanisikiliza. Hivyo usihangaike nami, hangaika na hilo nililokupa.

Wifi yako,
Polepole


Alhamisi, 27 Machi

Wifi yangu,

Basi umenishika. Breki amesimama mlangoni anasubiri barua na mimi nimeona aibu kama niliyekutwa na mkono kwenye chungu cha mtu.

Nilikuja na cherehani. Ile ndogo ya mkono, nilimpa Breki aipitishe kwenye boksi la dawa ili usiione ukiwa mlangoni. Usimgombeze, nilimtisha. Kutwa nashona. Mapazia yako yote yana pindo jipya. Magauni yako manne nimeyapunguza kiuno, najua utanuna. Jirani wa kule mbele kaniletea sare za watoto wake. Nikimaliza nafumua nashona upya.

Nitakwambia ukweli, wifi, na usiusome kwa sauti binti akiwepo. Siogopi nyoka wala miiba. Naogopa kimya. Huku kwako kukinyamaza kunanyamaza kweli. Mjini nina magari, nina jirani wa juu na meza zake, nina cherehani. Kelele ndizo zinazonishikilia nisimwagike. Kila nikisimama nasikia mahali ambapo angekuwa anakohoa, au anauliza miwani yake iko wapi nayo iko kichwani kwake. Nasikia pengo, wifi. Sasa wewe unaniambia nikasikilize mpaka nifike kwenye pumzi yangu. Nikifika hapo peke yangu itakuwaje?

Na usiku silali. Nilikudanganya hapo pia. Muuguzi aliposema "tutaona" alikuwa amekunja uso. Amesema presha ikibaki pale ilipo mwezi mwingine, huenda moyo ukasalimu amri kabla yangu. Sikutaka kukusumbua na nyonga yako hiyo.

Jana nilikwenda mpaka kwenye mti. Niliuona. Nikarudi.

Sindano


Jumatano, 2 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Nimeililia barua yako, halafu nikayacheka magauni, halafu nikalia tena. Pole. Pole sana. Ningekuwa na mguu ningekuja kukushika mkono hadi pale kwenye mti.

Lakini hukurudi bure, mbona umefika mlangoni! Kuna watu wameletwa na gari la zahanati mara tatu wakaishia kwenye kijito. Kesho nenda tena. Usiingie. Weka kiganja juu ya mti, subiri upate baridi yake, rudi nyumbani. Keshokutwa hivyo hivyo. Ukitaka kushona ukirudi, shona. Sikunyang'anyi cherehani, mtu hanyang'anywi fimbo akiwa bado anachechemea.

Kuhusu pengo, nikwambie jambo. Mimi nalala kwenye chumba chenu. Asubuhi binti akienda kazini kwenye kliniki ya meno, nalisikiliza ghorofa lako kama ninavyosikiliza msitu. Mbali kabisa kuna honi. Karibu zaidi ni maji ya waosha magari, halafu bomba lako linalodondosha matone hata ukilinyonga. Mwisho ni saa ya kaka pale mezani, ile inayochelewa. Nilidhani nikifika kwenye ile saa nitavunjika. Sikuvunjika. Nilikuta nimekaa naye. Hakusema kitu, unajua kaka hakuwa msemaji. Alikuwa mdogo wangu, wifi, nilimbeba mgongoni kwenye njia ile ile ninayokutuma. Pengo si shimo. Ni mahali pake tu, pameachwa wazi.

Usiharakishe. Jina langu unalijua.

Polepole


Alhamisi, 17 Aprili

Wifi,

NIMEINGIA.

Sasa soma malalamiko yangu. Kwanza, goti la kulia limechubuka. Pili, ule mti una ncha imekaa pale pale inaposubiri kitambaa, imenitoboa gauni mgongoni, gauni lako tena, la udongo. Tatu, nilikwama. Ndiyo, nilikwama, usimwambie mtu. Nilikaa pale katikati kichwa msituni na makalio duniani, nikasema kwa sauti, "Baba Binti, ungeniona sasa hivi!" Nikacheka peke yangu chini ya gogo. Ndivyo nilivyopita. Cheko lilinipunguza unene.

Upande wa pili sikufanya chochote. Nilisimama. Ndege hawakuimba, wifi, nilidanganya, asubuhi ile walikuwa wamenyamaza kabisa. Kulikuwa na harufu, kama nguo iliyoanikwa ikapigwa mvua ikaanikwa tena. Sauti ya mbali ilikuwa kijito. Halafu kuna kitu juu kilikuwa kinadondosha maganda, tap, tap, sikukiona. Halafu jani moja lilikuwa linatetemeka peke yake, mengine yote yametulia, lenyewe tu linatetemeka kama lina jambo lake. Nililitazama mpaka shingo ikauma. Nilipokumbuka cherehani, jua lilikuwa limeshapanda.

Kisha nikalia. Nililia vibaya, wifi, kwa sauti, kama siku ile ya msiba ambayo sikulia kwa sababu kulikuwa na wageni wa kulisha. Hakuna aliyeniambia jikaze. Nimeingia kila siku tangu hapo, na kila siku nalia kidogo kuliko jana, na leo nilisahau.

Presha imeshuka kidogo. Muuguzi hakukunja uso. Usingizi ndio bado, nagusagusa tu, nalala kama kuku juu ya tawi, kelele kidogo macho.

Sasa wewe. Ikiwa unashuka na kupanda ngazi zangu, mwezi ujao Breki akulete. Nataka kuingia nawe. Nataka unioneshe kile kinachodondosha maganda.

Wifi yako mwenye goti bovu,
Sindano


Jumatano, 23 Aprili

Mama mpendwa,

Shangazi ameniapisha nisikwambie, lakini kiapo kilikuwa cha mdomo na mimi naandika. Nimembembeleza Breki asimwambie kwamba safari hii kuna barua mbili.

Shangazi hashuki ngazi, mama. Hajawahi kushuka tangu apandishwe, isipokuwa siku za hospitali, na siku hizo anabebwa. Nyonga haikuunga vizuri. Daktari amesema atasimama, na kwa kifremu cha chuma cha kujishikilia atafika chooni na jikoni, lakini safari yoyote ni kiti cha magurudumu. Na kuinama kwa namna ile aliyozoea, haiwezekani tena. Alipoambiwa aliitikia tu, "Sawa, mwanangu," akamuuliza daktari kama yeye mwenyewe analala vizuri.

Hataki ujue kwa sababu anasema ukijua utarudi mbio kumuuguza, na hiyo itakuwa cherehani yako mpya. Barua yako ya mwisho ameisoma mpaka karatasi imelegea. Ile sehemu ya kukwama alicheka hadi machozi. Alipofika pale ulipomwambia aje aingie nawe, aliikunja akaiweka chini ya mto na hakula.

Jana nimemsikia akimwambia Breki awaulize zahanati kama wamepata mtu mwingine wa kutembeza wagonjwa.

Usirudi, mama. Lakini fanya kitu.

Binti yako


Alhamisi, 1 Mei

Polepole,

Mficha maradhi kifo humuumbua! Methali hiyo ulistahili kunipiga nayo mimi, sasa inarudi kwako. "Nilishuka nikawaangalia wanaoosha magari." Macho makavu! Na mimi mjinga nikaamini, nikakusifu moyoni.

Usimgombeze binti. Mgombeze aliyemfundisha kusema ukweli, naye hayupo.

Sirudi. Umenisikia? Sirudi mjini kukuuguza, kwa hiyo hofu yako hiyo itoe. Ila wewe utakuja huku. Nimeshatembea na futi yangu ya fundi njia nzima. Kutoka nyumbani mpaka kijitoni kiti kinapita. Pale kijitoni Breki na mwenzake wataweka mbao. Kinachobaki ni ule mti. Nimezungumza na wapasua mbao wa kule mbele, wanakuja na msumeno wa mashine Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Watakata kipande cha katikati, upana wa kiti na viganja viwili, na utaingia umekaa kama bibi harusi.

Usinijibu kwa kubisha. Nimeshaamua.

Wifi yako, na bado nimenuna,
Sindano


Jumatano, 7 Mei

Wifi Sindano,

Usiukate ule mti. Breki ameambiwa kwamba akikuta msumeno umewaka, apande akae juu ya gogo na asishuke.

Nisamehe kwa kukuficha. Niliona kwanza upone wewe. Nilidhani kama mmoja wetu anaweza kutoka, basi atoke yule mwenye miguu.

Lakini ule mti hapana. Unataka kunifungulia mlango kwa kuuvunja. Nikipita pale nimekaa kwenye kiti, kichwa juu, na kila atakayekuja baada yangu naye atapita kichwa juu, na mkoba wake, na simu yake, na cheo chake. Watauona msitu kama wanavyoona bustani ya hoteli. Wewe mwenyewe uliniambia ulipita kwa kucheka. Ungecheka kama ungekuta pamekatwa pameachwa wazi?

Nataka kuingia, Sindano. Usidhani sitaki. Ninapofumba macho nasikia kijito. Asubuhi mguu mzima unaamka kabla yangu ukitaka kwenda. Kinachoniuma kuliko nyonga ni kwamba nimewaambia watu wengi sana "inameni, inameni," na leo mimi ndiye nisiyeweza. Basi kama siwezi kuinama, nitakaa upande wa nje nikusubiri, na wewe utoke uniambie. Hilo nalikubali. Msitu usigeuzwe kwa ajili yangu.

Jibu upesi. Siwezi kutulia, hata saa ya kaka siisikii.

Polepole


Alhamisi, 15 Mei

Wifi,

Tulia. Wapasua mbao nimewarudisha, wamenuna, nimewashonea suruali mbili bure wakacheka.

Nilikwenda nikakaa pale chini ya mti kutwa nzima, nikiutazama kama mteja mkorofi aliyeleta kitambaa kidogo anataka gauni refu. Hivi kuinama maana yake nini? Ni kuwa chini. Si ndiyo? Na wewe huwezi kukunjika. Lakini kulala je, unaweza? Kulala chali unaweza.

Kuna turubai zito stoo kwako. Nimelikata, nimelishona mara mbili kila ukingo, nimeweka mikanda sita ya kushikia, na katikati nimepachika blanketi mbili. Leo kabla ya kuondoka Breki atalala juu yake, mimi na jirani tuliburute, tuone kama mishono inashika.

Kinachokosekana ni mahali pa kichwa. Nataka kitu laini na kizito. Mwambie binti alitoe lile koti nyuma ya mlango. Asilifue. Ampe Breki aje nalo.

Ndiyo, nimesema lile.

Sindano


Jumatano, 11 Juni

Wifi yangu Sindano,

Nimerudi ghorofani kutoka huko bondeni tangu juzi, na vijana walinipandisha tena kwa "angalia kona." Mazoezi ya viungo yanaendelea mpaka mwisho wa mwezi, kisha nahamia kwangu, na wewe usijaribu kuondoka. Nyumba ile ina vyumba viwili.

Kuna mambo ulikuwepo na kuna mambo hukuyaona, nayo nataka uyasikie kwangu.

Hukuona nilichokiona pale chini ya mti. Breki alikuwa mbele anavuta, binti pembeni, wewe nyuma unasukuma na kutoa amri kama uko kwenye duka la nguo. Mimi nilikuwa chali, kichwa kwenye koti la kaka, lina harufu yake bado, ile ya sabuni ya kunyolea. Nimepita pale miaka na miaka, wifi, na kila mara nilikuwa natazama ardhi, kwa sababu mtu anayetambaa hutazama ardhi. Sijawahi kuona upande wa chini wa ule mti. Kuna bustani huko! Uyoga mdogo mweupe umepangana kama vifungo. Majani membamba yananing'inia kichwa chini, yana matone, na moja lilinidondokea kwenye paji la uso. Nilikuwa nawafundisha watu na nusu ya mlango sikuijua. Nilisema "Simameni," mkadhani nimeumia. Sikuumia. Nilikuwa natazama.

Halafu mkanikalisha, mgongo kwenye shina, tukasikiliza. Nilikuonesha kile kinachodondosha maganda, yule ndege mdogo mchafuzi. Ukaniambia, "Kumbe ni huyu tu!" Nikasema ndiyo. Binti na Breki wakaenda kijitoni kunawa. Wewe ukasema unanyoosha mgongo kidogo tu, ukajilaza kwenye turubai pale nilipotoka mimi, kichwa kwenye koti.

Wifi, ulilala.

Ulilala pale pale, mdomo wazi. Tangu msiba sijakuona hivyo. Binti aliporudi alishika mdomo wake kwa mikono miwili akasimama hapo hapo kwenye njia. Breki alitaka kukuamsha, eti giza lisije likatukuta, nikamwambia akikugusa nitasimama kwa mguu huu huu nimpige. Tulikaa watatu tunakutazama kama wanaotazama mtoto mchanga. Jua lilipita kwenye majani likakugusa usoni na hukuamka. Ndege akadondosha maganda juu yako na hukuamka.

Na ulikoroma.

Haikuwa pumzi nzito, usijitetee. Ulikoroma kama cherehani ya mguu inayoshona turubai. Nilitazama juu nikasema, "Kaka, umeshinda. Hakimu ameusikia ushahidi kwa masikio yake." Nikalia na kucheka pamoja, binti naye, Breki akageuka akajifanya anatazama miti.

Hukumu ndiyo hiyo. Marehemu alikuwa mkweli siku zote.

Wifi yako, hakimu,
Polepole


Alhamisi, 12 Juni

Wifi,

Mimi sikoromi.

Nimelala jana pia, na juzi. Koti liko hapa kitandani.

Njoo upesi, usikilize vizuri.

Sindano